Chipu inayojua kulala

Tarehe 26 Aprili 1985, chipu za kwanza za ARM ziliwasili katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza. Steve Furber, aliyezibuni pamoja na Sophie Wilson, aliunganisha kipima mkondo ajue chipu inakula umeme kiasi gani. Kipimo kikasoma sifuri, na chipu inafanya kazi barabara.

Kasoro ilikuwa kwenye ubao wa majaribio: njia ya umeme haikuunganishwa. Chipu ilikuwa ikijiendesha kwa mkondo mdogo uliopenya kupitia nyaya za ishara kutoka saketi za jirani. Ilikula makombo, yakaitosha.

Wabunifu wale hawakuwa wakiwazia betri. Walitaka ganda la plastiki, kwa kuwa ni rahisi. Plastiki haihimili joto kali, hivyo wakajiwekea mpaka wa wati 1. Zana za kukadiria matumizi kwa usahihi hawakuwa nazo, basi wakabana kila kona, na matokeo yakawa takriban wati 0.1. Ndani mlikuwa na transista zipatazo 25,000 tu. Intel 80386 ya mwaka huohuo ilikuwa na 275,000. Uzao wa chipu ile ndio unaoendesha karibu kila simu janja leo.

Lakini simu huchajiwa kila siku. Kifaa kilichofukiwa shambani kupima unyevu wa udongo, kikituma taarifa kwa mawimbi ya redio, hakina wa kukichaji. Betri bapa ya CR2032, ndogo kama sarafu, hubeba takriban miliampea-saa 225. Kifaa kikivuta miliampea 10 mfululizo, betri haimalizi siku. Kikivuta wastani wa mikroampea 10, hesabu inafika miaka miwili na nusu.

Tofauti hiyo huamuliwa kwenye mchoro wa chipu. Nishati ya kuwasha na kuzima transista hufuata mraba wa volti: punguza volti nusu, nishati inabaki robo. Ila transista za volti ndogo huwa nzito, na ukizirekebisha ziwe nyepesi, huanza kuvuja mkondo hata zikiwa zimezimwa, kama bomba lisilofunga vizuri. Hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Mbunifu huigawa chipu vyumba vyumba, na kila chumba kina swichi yake. Kazi ikiisha, umeme hukatwa. Hubaki macho saa na kumbukumbu ndogo.

Redio ndiyo mlafi kupita vyote, kwa hiyo huamshwa mwisho. Kila dakika 15 saa huamsha kihisi cha unyevu peke yake. Unyevu husomwa, hulinganishwa na kipimo cha awali, na kama udongo haujabadilika, chipu hulala tena bila redio kuguswa.