Sista, Unarudi Wadini? Kwanza Soma Haya

Yamkini katika ploti unamoishi yumo mama ambaye kila mtu humwita "sista" ingawa ni miaka kumi au zaidi tangu avue sare. Mtoto akipandwa na homa usiku, mlango wake ndio hugongwa kwanza. Mzee akitaka kupimwa presha, hupelekwa kwake. Cheti chake kimo sandukuni na pengine mwenyewe hupita kando ya hospitali kila siku akijiuliza kama bado wangempokea. Makala haya ni yake. Lakini wewe msomaji usiye muuguzi pia usigeuze ukurasa, maana siku moja huenda ukawa wewe uliyelala kitandani, naye ndiye aliyeshika sindano.

Sababu za kuacha uuguzi ni nyingi. Wapo walioacha ili walee watoto, wapo waliofuata waume waliohamishwa kikazi, wapo waliouguza wazazi hadi mwisho. Wengine walichoshwa na zamu za usiku wakafungua duka. Kisha wapo ambao hawakuiacha kazi bali kazi ndiyo iliyowakataa: katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza mno uajiri, na wauguzi waliohitimu wakajikuta nyumbani au sokoni wakiuza mitumba, ilhali wadi zilikuwa na upungufu wa watu. Simwoni yeyote kati ya hao kuwa na jambo la kumwaibisha. Ninalotaka kumwambia anayerudi ni hili: usilolisahau laweza kukuponza kuliko ulilolisahau.

Nitaeleza. Mtu aliyesahau jambo huuliza. Lakini mkono uliozoea kazi hauulizi; hufanya. Miaka kumi ya kukaa nyumbani haiufanyi mkono usahau kutafuta mshipa wa mtoto. Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo kumi tiba yenyewe imehama, na mkono haukupashwa habari.

Chukua mfano wa mtoto aliyeletwa na homa kali, amelegea, viganja na nyayo ni baridi, moyo unamwenda mbio. Muuguzi aliyefunzwa miaka ya 1990 alijua la kufanya: tafuta mshipa, fungulia dripu, maji yaingie kwa kasi. Ndivyo vitabu vilivyoagiza. Kisha mwaka 2011 yakatangazwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye hali kama hiyo. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi. Katika saa 48 za kwanza walifariki watoto 10.5 kati ya kila 100 wa kundi hilo, na 7.3 kati ya kila 100 miongoni mwa wale waliopewa maji polepole ya kudumisha mwili tu. Soma tena tarakimu hizo, sista. Kitendo kilichofanywa kwa nia njema, kwa ustadi na kwa haraka, ndicho kilichoongeza vifo. (Watoto waliokaukiwa maji kwa sababu ya kuhara hawakuwamo katika utafiti huo. Hao bado wanahitaji maji yao, kwa hivyo usije ukatoka hapa ukiogopa kila dripu.) Aliyeacha kazi mwaka 2008 hakuwapo habari hizo zilipojadiliwa wadini, na hakuna aliyemfuata nyumbani kumweleza.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Klorokwini iliondolewa katika tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2006 zahanati zetu zikaanza kutoa dawa ya mchanganyiko yenye artemetha na lumefantrini. Siku hizi hupima kwanza ndipo utibu, na kwa malaria kali artesuneti ya sindano imechukua nafasi ya kwinini. Mama mwenye kifafa cha mimba hapewi tena diazepamu kama tiba ya kutegemewa. Hupewa magnesiamu salfeti, dawa inayomtaka muuguzi achunguze goti kama linaruka likigongwa, ahesabu pumzi na apime mkojo, na awe na kalisi glukoneti karibu. Kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 kwamba asidi ya traneksamiki itolewe mapema, ndani ya saa tatu. Shirika hilo hilo mwaka 2020 lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu wa uzazi, na humo hatua ya kasi huhesabiwa tangu njia inapofunguka sentimita 5, si 4 kama ulivyofundishwa. Hata kumfufua mtu aliyezimika moyo kumebadilika kwa mtu mzima: tangu mwaka 2010 huanzi na pumzi, huanzi kwa kutazama koo; huanza na kifua, ukikibonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Jambo moja halijabadilika wala halitabadilika, nalo ni hesabu. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja. Yuniti 10, basi, ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Anayekosa bomba la insulini akachukua la kawaida na kuvuta mililita nzima humpa mgonjwa mara kumi ya alichoandikiwa, na mgonjwa huyo aweza kupotelewa na sukari akafa usingizini. Kabla hujarudi, nunua daftari la shule la mwanao na ufanye hesabu za dawa kila jioni kwa mwezi mzima: miligramu kwa kilo, matone kwa dakika, kugawa chupa. Ukiona haya watoto wakikukuta ukifanya hesabu, waambie ni za kazi.

Nilipata kufanya kazi na mama mmoja aliyerudi baada ya miaka 11. Wiki yake ya kwanza wauguzi vijana walimcheka chini kwa chini, kwa sababu kila dawa mpya aliisimamisha hewani na kusema, "Daktari, hii siijui. Naomba unieleze kabla sijampa mgonjwa." Alisema hivyo mbele ya watu, bila kunong'ona. Basi alasiri moja akapita kitandani kwa mzazi ambaye mashine ilionyesha yuko salama, presha nzuri, mapigo ya moyo si mabaya. Akamtazama uso, akapitisha mkono chini ya kiuno chake, akaukuta umelowa damu. Mzazi yule alikuwa akivuja kimyakimya ndani ya mablanketi. Hakuna aliyemcheka tena. Kutazama uso, kugusa, kushuku: hayo hayachakai, na wadi zetu zinayahitaji kuliko mashine nyingine mbili.

Sasa njia ya kurudi. Anza na Baraza la Wauguzi, wala usianze na rafiki aliyesikia kutoka kwa rafiki. Kumbuka kwamba kusajiliwa ni jambo moja na leseni ya kufanya kazi ni jingine. Jina lako laweza kuwa bado limo katika daftari lakini leseni ilikufa zamani. Kuihuisha huhitaji ushahidi wa mafunzo ya kuendelea, na maombi siku hizi hupitia mtandao. Tafuta vyeti vyako vya asili mapema. Kama ulihitimu kwa jina la baba na sasa unatumia la mume, uwe na hati ya kuthibitisha. Ikiwa ulikuwa muuguzi wa ngazi ya cheti, fahamu kwamba tangu mwaka 2005 wenzako wengi walisoma wakafikia stashahada huku wakiendelea na kazi, wengine kwa mpango wa masomo ya kompyuta uliosimamiwa na AMREF pamoja na Baraza. Waajiri wengi sasa wanaitarajia stashahada hiyo.

Hadi leseni itakapotoka, funga ile kliniki ya mlangoni. Majirani watanuna, lakini kumdunga mtu sindano bila leseni ni kosa la sheria, na dawa walizokuletea kwenye mfuko wa karatasi hujui zilihifadhiwa vipi.

Mwajiri naye utamkuta amebadilika. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na kaunti ndiyo inayotangaza nafasi. Bima ya NHIF uliyoizoea ilikoma mwaka 2024, na mahali pake ikaja SHA, kwa hivyo hata makaratasi ya kumlaza mgonjwa utajifunza upya. Katika usaili utaulizwa maswali, nawe uliza. Nitafanya kazi chini ya nani, na kwa wiki ngapi? Nitaachwa peke yangu usiku lini? Zipo hospitali za watu binafsi ambazo humpokea muuguzi aliyerejea Jumatatu na kufikia Ijumaa zimemwachia wadi nzima usiku, eti kwa kuwa ni mzoefu. Hiyo kwangu ni kamari, na kinachochezewa si pesa. Mahali pakikunyima kipindi cha kusimamiwa, tafuta pengine hata kama mshahara ni mdogo.

Mwisho ni mwili wako mwenyewe. Chanjo ya hepatitisi B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Usingoje kuajiriwa, anza sasa. Na hapa tena uuchunge mkono unaokumbuka, kwa maana wengi wa rika lako walizoea kuirudishia sindano kifuniko chake baada ya kudunga, na hapo ndipo vidole vingi hutobolewa. Sindano iliyotumika haifunikwi. Huenda moja kwa moja katika sanduku la sindano, nalo liwe karibu na kitanda kabla hujaanza. Ukidungwa, osha kwa sabuni na maji bila kukikamua kidole, mwambie msimamizi wako papo hapo, na uanze dawa za kuzuia virusi vya ukimwi saa hiyo hiyo ikiwezekana, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita.