Sura ya Sita: Joto Lililowekewa Mpaka

Mfumuko ulipokoma, ulimwengu ulikuwa mtupu na baridi. Jambo hili huwashangaza wasomaji wengi, kwani tumezoea kuambiwa kwamba mwanzo wa yote ulikuwa moto. Moto ulikuwepo kweli, ila ulikuja baada ya mfumuko. Katika kipindi kifupi mno nafasi ilikuwa imetanuka, kwa urefu wake, angalau mara 1 ikifuatwa na sifuri 26, na chochote kilichokuwemo kabla kilisambaa kikawa kama hakipo. Hapakuwa na protoni, elektroni wala mwanga wa kutajika. Karibu nishati yote ilikuwa imehifadhiwa katika uga mmoja, ule ule uliousukuma mfumuko.

Katika sura iliyotangulia tuliona jinsi Alan Guth alivyoliweka wazo la mfumuko mezani mwaka 1981, na jinsi Andrei Linde, Andreas Albrecht na Paul Steinhardt walivyolinyoosha mwaka uliofuata. Sasa tuingie katika dakika ya kwanza baada yake, sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote katika fizikia ya mwanzo wa ulimwengu.

Ule uga uliteremka hadi kwenye kiwango chake cha chini cha nishati, lakini haukutulia papo hapo. Ulikwenda huku na huku kama bembea, na kila mzunguko ulipoteza sehemu ya nishati yake kwa kuzaa chembe. Mwaka 1994 Lev Kofman, Linde na Alexei Starobinsky walionyesha kwamba uzazi huo unaweza hata kuwa wa ghafla, chembe zikifumka kwa wingi ndani ya mizunguko michache. Chembe hizo ziligongana, zikazaa nyingine, zikagawana nishati mpaka zote zikawa na joto moja. Hapo ndipo ulipoanza ule ulimwengu wa moto tunaousikia katika simulizi za Mlipuko Mkuu. Je, joto hilo la kwanza lilifika wapi?

Tunachokijua kwa uhakika ni kidogo. Halikuweza kuwa chini ya nyuzi za Kelvin bilioni makumi kadhaa, la sivyo viini vya atomi nyepesi visingeundwa kwa viwango tunavyoviona leo. Kwa upande wa juu, mawimbi ya uvutano ya mfumuko yangekuwa yameshaonekana kama nishati yake ingekuwa kubwa kupita kiasi, na hilo linatupa ukomo wa nyuzi karibu 1 ikifuatwa na sifuri 28. Kati ya ncha hizo mbili kuna pengo la tarakimu zaidi ya 17. Darubini haziwezi kutusaidia moja kwa moja, maana mwanga wa kale zaidi unaotufikia ulianza safari ulimwengu ukiwa tayari na umri wa miaka 380,000.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia, yaani katika chembe ambayo haijawahi kuonekana na mtu yeyote.

Chembe zote za maumbile zina koo mbili. Fermioni, kama elektroni na kwaki, ndizo zinazojenga vitu. Bosoni, kama fotoni, ndizo zinazobeba nguvu. Tofauti yao iko kwenye spini: fermioni zina nusu, bosoni zina namba kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Yuri Golfand na Evgeny Likhtman kule Moscow, kisha Dmitri Volkov na Vladimir Akulov kule Kharkiv, waligundua kwamba hesabu inaruhusu ulinganifu unaozifunga koo hizo pamoja. Julius Wess na Bruno Zumino waliukamilisha mwaka 1974 katika sura iliyoenea duniani kote. Huo ndio supasimetria. Unadai kwamba kila chembe iwe na mwenzi wa ukoo wa pili: elektroni iwe na selektroni, fotoni iwe na fotino, na kadhalika. Wenzi hawa wangekuwa na uzito sawa na wa chembe tunazozijua, tungeshakutana nao zamani. Kwa hiyo, kama wapo, ulinganifu umevunjika na wao ni wazito.

Sitakaa sana kwenye sababu zilizowafanya wanafizikia waupende. Unaukinga uzito wa chembe ya Higgs usipae bila kikomo, unazifanya nguvu tatu za maumbile zikaribiane kwenye nishati kubwa, na unaleta chembe inayofaa kuwa maada ya giza. Tunachokihitaji hapa kilikuja mwaka 1976, pale Daniel Freedman, Sergio Ferrara na Peter van Nieuwenhuizen walipouunganisha ulinganifu huu na nguvu ya uvutano. Gravitoni, chembe inayodhaniwa kuubeba uvutano, nayo ikapata mwenzi. Jina lake ni gravitino, na spini yake ni tatu juu ya mbili.

Tabia ya gravitino ndiyo kiini cha sura hii. Hainasi kwenye chochote isipokuwa kwa nguvu dhaifu kama uvutano wenyewe, na kwa sababu hiyo huchelewa mno kufa. Chembe nyingi nzito huvunjika ndani ya sehemu ndogo isiyofikirika ya sekunde. Gravitino yenye uzito wa protoni 1,000 ingeishi siku kadhaa. Ukipunguza uzito mara kumi, umri wake unaongezeka mara 1,000, na siku zinageuka miaka.

Siku kadhaa si kitu mbele ya miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu, lakini zinaangukia wakati mbaya. Kati ya sekunde ya kwanza na dakika chache zilizofuata, protoni na nyutroni zilikuwa zimeshaungana: karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida ikawa heli, sehemu kubwa ya iliyobaki ikawa hidrojeni, na zikasalia chembechembe za deuteri, yaani hidrojeni nzito, na lithi. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Kisha, siku ya nne au ya tano, joto likiwa limeshuka hadi nyuzi milioni 20 hivi, gravitino zinaanza kuvunjika.

Tuifuate moja. Inatoa fotoni yenye nishati ya mabilioni mengi ya elektronivolti ndani ya bahari ya fotoni zenye nishati ndogo. Fotoni hiyo inamgonga jirani na kuzaa elektroni na pozitroni. Hizo nazo zinazipiga fotoni nyingine, na nishati inagawanyika ngazi kwa ngazi mpaka zinabaki fotoni za elektronivolti milioni tano au sita. Hapo mgawanyiko unakwama, kwa kuwa fotoni hizo hazina tena nishati ya kuzaa jozi mpya. Kiini cha deuteri kinahitaji elektronivolti milioni 2.2 tu kupasuka. Heli inahitaji karibu milioni 20, kwa hiyo inapona kwa wakati huo, lakini deuteri inakatwakatwa. Gravitino ikivunjika na kuwa kwaki na gluoni (chembe zinazozifunga kwaki pamoja), madhara yanageuka: protoni na nyutroni zenye kasi zinaivunja heli, na vipande vyake vinaongeza deuteri na lithi kupita kiasi. Kwa vyovyote vile hesabu ya viini inaharibika, na hata gravitino moja kwa kila fotoni trilioni ni nyingi mno.

Nasi tunajua hesabu hiyo haikuharibika. Deuteri hupimwa katika mawingu ya gesi ya kale yaliyosimama kati yetu na kwasari za mbali. Hidrojeni ya wingu hunyonya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.567; deuteri, kwa kuwa kiini chake ni kizito zaidi, hunyonya kwenye 121.534. Kutanuka kwa ulimwengu huvuta mistari hiyo miwili hadi kwenye mwanga wa buluu ambao darubini za ardhini zinaweza kuusoma, na mstari wa deuteri huonekana kama kidonda chembamba pembeni mwa kovu pana la hidrojeni. Vipimo vinatoa takriban atomi 25 za deuteri kwa kila atomi milioni moja za hidrojeni, na jibu hilo linaafikiana na hesabu ya ulimwengu ambao haukuvurugwa na kitu.

Steven Weinberg aliiona hatari ya gravitino mwaka 1982, mwaka ule ule ambao Heinz Pagels na Joel Primack walipendekeza kwamba gravitino nyepesi inaweza kuwa ndiyo maada ya giza. Mwanzoni mfumuko ulionekana kumaliza shida, kwa kuwa ungezitawanya gravitino zote zilizotangulia. Lakini mwaka 1984 John Ellis, Jihn Kim na Dimitri Nanopoulos, na pia Maxim Khlopov na Linde, walionyesha kwamba moto wa baada ya mfumuko unazizalisha upya. Idadi yake inapanda sambamba na joto: ulimwengu ukianza na joto mara kumi zaidi, gravitino nazo zinakuwa mara kumi zaidi. Kwa hiyo deuteri iliyosalimika inaweka mpaka. Kutegemea uzito wa gravitino, joto la kwanza halikupaswa kuvuka nyuzi kati ya 1 ikifuatwa na sifuri 19 na 1 ikifuatwa na sifuri 22. Naona hii ni moja ya hoja bora kabisa katika sayansi yetu: jambo lililoshindwa kutokea siku ya nne linatwambia kuhusu sehemu ya kwanza ya sekunde.

Mpaka huo unauma. Mwaka 1986 Masataka Fukugita na Tsutomu Yanagida walieleza jinsi nyutrino nzito zilivyoweza kuipa maada ushindi mdogo dhidi ya antimaada, ushindi uliotuachia protoni na nyutroni takriban 6 kwa kila fotoni bilioni 10. Katika umbo lake la kawaida, njia hiyo inahitaji joto la karibu 1 ikifuatwa na sifuri 22, yaani pale pale kwenye mpaka au juu yake. Ian Affleck na Michael Dine walikuwa wameshapendekeza njia nyingine mwaka 1985, inayotumia nyuga za wenzi wa kwaki na haihitaji joto kubwa. Nakiri naiegemea hii ya pili, ingawa ni vigumu zaidi kuipima.

Nao mtambo wa CERN, wenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi karibu na Geneva, uliipata chembe ya Higgs mwaka 2012 lakini haujampata mwenzi hata mmoja. Mwenzi wa gluoni, katika mifano mingi, lazima sasa awe na uzito wa zaidi ya protoni 2,000. Kimya hicho kimewakatisha tamaa wengi. Kwa gravitino, hata hivyo, kina maana ya pili: wenzi wakiwa wazito, huenda na yenyewe ni nzito, na gravitino yenye uzito wa makumi ya maelfu ya protoni hufa mapema, kabla haijapata deuteri ya kuharibu. Mpaka wa joto unalegea.

Iko pia hali ambayo gravitino ndiyo nyepesi kuliko wenzi wote. Basi yenyewe haifi, na anayechelewa kufa ni yule mwenzi anayeifuata kwa uzito. Akiwa na chaji, anaweza kukwama ndani ya chuma cha kigunduzi na kuvunjika saa au siku baadaye, pasipo mgongano wowote. Wanasayansi wa CERN wamekuwa wakizitafuta chembe za namna hiyo katika vipindi ambavyo miali haigongani, na hadi sasa hawajaziona. Ikipatikana moja, muda wake wa kuishi pamoja na uzito wake vitatosha kukokotoa uzito wa gravitino, na kutoka hapo joto la juu kabisa ambalo moto wa kwanza uliweza kufikia.