Ukichagua tairi la njia ya Dzaleka, anza na mzigo kabla ya mchanga

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Kasumulu na marobota ya vitenge husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Lilongwe bila kuwaza habari ya tairi. Hiyo ni kazi ya dereva wa basi au lori. Kutoka hapo hadi kwa mteja wake wa Dzaleka zimebaki kilomita kama 45 tu. Lakini safari nyingi huharibikia kwenye kipande hicho cha mwisho, mzigo unapopanda pikipiki na pikipiki inapoacha lami.

Dzaleka ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda. Sokoni humo Kiswahili kinauza na kununua. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi huko. Kwa hiyo mara nyingi bidhaa ndiyo inayomfuata mteja, na inamfuata juu ya kabaza, jina ambalo Wamalawi huziita bodaboda zao.

Njia yenyewe ni ya kuchanganya. Kwanza kuna lami ya barabara kuu ya M1. Nje ya lami kuna njia za udongo mwekundu wenye vumbi jingi, changarawe, na mabonde ambako maji ya mvua yameacha mchanga. Anayeshuka Salima kufuata samaki wa ziwa atakutana na mchanga mzito zaidi. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikinyesha, udongo uleule hugeuka tope linalonata.

Je, tairi gani litafaa kwa yote hayo?

Mchanga na mzigo havipatani

Jibu la haraka la madereva wengi ni tairi lenye kashata kubwa. Si jibu baya, ila linaruka swali la kwanza, nalo ni uzito.

Kwenye mchanga, tairi huzama kwa sababu uzito wote umekaa juu ya eneo dogo. Dawa yake ni kupunguza upepo ili tairi litandaze na kukanyaga eneo pana. Kwa hesabu ya haraka, ukishusha upepo kutoka psi 28 hadi 20, eneo linalogusa ardhi linaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 40. Pikipiki iliyokuwa ikizama sasa inapita.

Lakini mzigo unataka kinyume chake. Tairi hubeba uzito lililoandikiwa pale tu lilipojazwa upepo wa kutosha. Ukilipunguza upepo huku umepakia abiria na robota, ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi linapata joto, na jiwe moja linatosha kuibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili. Fundi pancha akiona matundu mawili yaliyokaa sambamba, anajua tairi lilikuwa na upepo mdogo.

Basi anayekwenda mchangani bila mzigo anaweza kutegemea upepo. Anayekwenda na mzigo lazima ategemee tairi lenyewe, yaani nguvu yake, upana wake na kashata yake.

Soma ubavu wa tairi

Kila tairi lina maandishi ubavuni, na mnunuzi asiyeyasoma hununua kwa kubahatisha.

Kwanza ni saizi. Tairi la 3.00-18 lina upana wa inchi 3 na linaingia ringi ya inchi 18. Bajaj Boxer nyingi hutumia ringi ya inchi 17, wakati pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa CG125 hutumia ya inchi 18. Zile za porini, kama Honda XL125 na Yamaha DT125, zina ringi ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Tairi la 17 haliingii ringi ya 18 hata fundi awe hodari namna gani. Upana unaweza kuongezwa kidogo, lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi, mnyororo na madigadi. Tairi likigusa siku ya jua, siku ya tope litakwama kabisa.

Pili ni uwezo wa kubeba. Tafuta tarakimu mbili zinazofuatwa na herufi, mfano 45P au 52P. Herufi inaonyesha mwendo, na P ni kilomita 150 kwa saa, ambao hakuna kabaza anaohitaji. Tarakimu ndiyo muhimu: 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190 na 52 ni kilo 200.

Chukua mfano. Pikipiki ina kilo 115, dereva 70, abiria 70, na robota 50. Jumla ni kilo 305. Karibu theluthi mbili ya uzito huo hukaa nyuma, yaani kilo 200 hivi. Tairi la nyuma lililoandikwa 45P limezidiwa kabla halijafika kwenye mchanga. Hapo linahitajika la 52, au mzigo upunguzwe. Hakuna njia ya tatu.

Tatu ni umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hasa ukianikwa juani. Ukiukunja ubavu kidogo na kuona nyufa nyembamba, liache hapohapo, hata kama kashata bado ina nywele za kiwandani.

Kashata ya namna gani

Kashata ndefu zilizoachana hushika vizuri kwenye mchanga na hujisafisha kwenye tope. Kwenye lami ni hasara. Hunesa, hurefusha umbali wa kusimama, na huisha haraka kwa sababu uzito wote unabebwa na vinundu vichache. Dereva anayekwenda Lilongwe na kurudi kila siku atalimaliza tairi la namna hiyo kwenye M1, ambako hakulihitaji.

Tairi la lami nalo, lile la mistari, hukimbia vizuri hadi linapofika kwenye vumbi zito. Hapo gurudumu la mbele huchimba kama jembe na usukani unaanza kwenda unakotaka wenyewe.

Linalofaa kwa njia hii ni la katikati. Nyuma, tafuta lenye vinundu vilivyokaribiana katikati na vikubwa vilivyoachana pembeni. Kwenye lami pikipiki husimama juu ya ule ukanda wa kati, na tairi linakaa muda mrefu. Likizama kwenye mchanga au tope, vinundu vya pembeni ndivyo vinavyouma. Mbele, weka lenye vinundu pia badala ya mistari, kwa sababu tairi la mbele halisukumi ila linaongoza, na pikipiki ikikosa uongozi mchangani inaanguka. Wengi huweka tairi jipya nyuma na kuliacha la mbele hadi libaki kipara. Kwenye mchanga ni kosa.

Angalia pia mshale ubavuni. Unaonyesha upande wa kuzunguka, na kwenye baadhi ya matairi mshale wa mbele na wa nyuma huelekea pande tofauti.

Upepo upimwe, usikisiwe

Kupima upepo kwa kubonyeza kidole hakusaidii. Kipimo kidogo cha mkononi hukaa mfukoni na hulipa gharama yake upesi. Ukiwa na mzigo, fuata kiwango cha mtengenezaji kwa safari ya watu wawili. Ukifika kwenye kipande cha mchanga, mshushe abiria avuke kwa miguu, kaa nyuma kidogo, na upite kwa gia ndogo bila kukata mafuta katikati. Ni dakika tano tu, na tairi linabaki salama.

Usipokuwa na mzigo, unaweza kushusha hadi psi 20 hivi. Ukishuka chini ya hapo kwa tairi la tyubu, tairi linaweza kuteleza juu ya ringi na kuivuta tyubu hadi valvu ikatike. Valvu ikianza kuinama upande mmoja, hiyo ndiyo dalili. Simama, jaza. Na ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo.

Kwa anayetaka kuleta matairi

Baadhi ya wasomaji wetu wataona biashara hapa, nao hawajakosea. Kwacha ya Malawi ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022 na kwa asilimia 44 Novemba 2023, na kila kinachoagizwa nje kilipanda. Tairi ni mojawapo.

Lakini piga hesabu yote. Tairi lililotengenezwa China au India halipati nafuu ya ushuru ya SADC kwa kuwa tu limenunuliwa Mbeya. Nafuu hiyo ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo nao hauwahusu wanaotoka Tanzania, ambayo ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Uliza ushuru kwa ofisi ya forodha kabla ya kununua, na tunza risiti.

Njiani, usiyasokomeze matairi moja ndani ya jingine na kuyakaza kwa kamba. Waya wa ukingo hupinda, na tairi lenye ukingo uliopinda halikai sawa kwenye ringi. Leta saizi za 17 na 18 zote mbili, na ukishindwa kuleta mengi, leta machache yenye uwezo mkubwa wa kubeba. Matairi dhaifu ya bei ndogo yapo tayari. Tairi linaloisha kwa miezi minne ni ghali kuliko linalouzwa mara moja na nusu ya bei hiyo na kukaa minane, na dereva anayebeba watu kila siku anaielewa hesabu hiyo ukimwonyesha.

Usimwuzie kwa bei ya jipya tairi lililokaa ghalani miaka sita. Kabaza ndiyo mtaji wake wote, na mara nyingi nyuma yake amekaa mama na mtoto. Likipasuka kwenye mteremko, hasara haitaishia kwenye tairi.

Jina Dzaleka hufasiriwa kutoka Kichewa kuwa “sitarudia tena”. Ndilo neno la kila aliyewahi kusukuma pikipiki yenye robota la vitenge mchangani, jua likizama, kwa sababu alinunua tairi bila kusoma ubavu wake.