Moyo Kwenda Mbio na Kizunguzungu kwa Vijana: Tutambue Chanzo, Tuwahi Kituoni

Kijana anapoinuka ghafla kitandani, au anapomaliza kupalilia migomba juani, huweza kuhisi moyo ukienda mbio, macho yakiingia giza na miguu ikikosa nguvu. Wengi husema ni "presha" na kumeza vidonge vya jirani, wengine hunyamaza. Ukimya huo ni wa hatari, hasa kwa dereva wa bodaboda aliye barabarani au mvuvi aliye majini karibu na kisiwa cha Bumbire.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Kazi nzito, hofu na homa huongeza mapigo hayo. Aidha, tunaposimama damu huelekea miguuni, nao moyo huongeza kasi ili damu ifike kwenye ubongo. Mwili ukikosa maji ya kutosha, juhudi hiyo haitoshi na kizunguzungu hutokea.

Chanzo kingine ni upungufu wa damu. Katika mazingira yetu huletwa na malaria, safura, hedhi nzito, ujauzito na lishe duni. Damu ikiwa pungufu, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kufikisha hewa safi mwilini. Mboga za majani, maharage na dagaa husaidia, hasa vikiliwa pamoja na chungwa au limau. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.

Kahawa yetu ya robusta, iwe ya kunywa au ya kutafuna, ina kafeini takribani maradufu ya arabika. Mtu akiitumia kwa wingi, au akiongeza vinywaji vya kuongeza nguvu, moyo huweza kwenda mbio. Wasiwasi wa muda mrefu, maradhi ya tezi ya shingo na hitilafu za moyo wenyewe ni sababu nyingine. Miongoni mwa hitilafu hizo ni valvu zilizoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Unapopatwa na kizunguzungu, simamisha chombo, lala chali na uinue miguu. Wahi kituo cha afya bila kuchelewa iwapo umezimia, hasa wakati wa kazi au michezo. Una maumivu ya kifua. Unapumua kwa shida. Moyo hautulii hata baada ya kupumzika. Au katika ukoo wenu kuna kijana aliyewahi kufariki ghafla. Mjamzito mwenye dalili hizi apige simu 115 bila malipo ili apatiwe usafiri.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ueleze dalili zilianza lini na dawa unazotumia. Vipimo vya awali ni shinikizo la damu, wingi wa damu na malaria. Inapobidi, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali, kama vile Rubya au Ndolage kwa wakazi wa Muleba, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Matatizo makubwa ya moyo hushughulikiwa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ndugu mwananchi, sababu nyingi kati ya hizi hutibika. Pima kwanza, ndipo umeze dawa.