Chaja Iliyozikwa Ukutani

Ingia chumba chochote cha kupanga, kuanzia Bagamoyo mjini hadi vijiji vya Saadani, kisha tazama kilicho karibu na soketi. Mara nyingi utakuta kijiti, au kalamu iliyokwisha wino. Kazi yake ni kusukumwa kwenye tundu la juu ili vizibo vya ndani vifunguke na kichwa cha chaja chenye pini mbili kipite. Soketi yetu ya matundu matatu ni ya kiwango cha Uingereza, BS 1363, kilichotoka mwaka 1947, na vizibo hivyo viliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Pini ya juu, ile ya ethi, ni ndefu kuliko wenzake kwa sababu ndiyo inayotakiwa kutangulia na kufungua njia. Kijiti kinafungua njia hiyohiyo, ila hakileti ethi, na hicho kichwa cha pini mbili hakina ile fyuzi ambayo plagi ya pini tatu hubeba tumboni.

Kwa hiyo soketi zenye matundu ya USB zilipoingia madukani, watu walizipokea kwa furaha, na sioni ubaya. Unachomeka waya wa simu moja kwa moja, kijiti kinatupwa. Tatizo ni kwamba fundi akishakaza zile skrubu mbili, ndani ya ukuta amefunga chaja nzima, na chaja haizeeki kwa mwendo wa soketi.

Chaja hiyo inafanya kazi hivi. Umeme wa volti 230 unaingia, unanyooshwa, na kilele chake cha volti kama 325 kinahifadhiwa kwenye kapasita. Transista inaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupeleka kwenye transfoma ndogo. Upande wa pili zinatoka volti 5 za simu. Pande hizo mbili haziunganishwi na waya unaobeba umeme kwenda kwenye simu. Nguvu inavuka kwa njia ya sumaku tu. Juu ya bodi, kati ya upande unaoua na upande unaoshikwa na mkono, kuna ukanda mtupu wa milimita kama sita hivi katika chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu. Anayetaka kubana gharama huanza kula hapo. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima vichwa vya chaja 400 vya kughushi, na ni 3 tu vilivyokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya mtu kupigwa na umeme.

Wapo wanaohisi simu inawasha kidogo mkononi inapochajiwa, hasa wakiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Hilo peke yake halimaanishi chaja ni mbovu. Kati ya pande zile mbili huwekwa kapasita ndogo ya kutuliza kelele za umeme, nayo hupitisha kiasi kidogo sana, kisichotakiwa kuzidi robo ya miliampea. Kapasita hiyo inatakiwa iwe ya aina maalumu, ambayo hata ikiharibika haigeuki kuwa waya. Kwenye chaja za bei ya kutupa huwekwa kapasita ya kawaida, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Sasa tuje Saadani yenyewe. Hifadhi yake, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inapakana na Bahari ya Hindi, na jirani yake kuna mashamba ya chumvi. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi na kuzipaka kwenye kila kitu: mabati, baiskeli, nyavu za madirisha. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini hewa ikifikisha unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji hadi inayeyuka yenyewe, na usiku ufukweni unyevu hupita hapo bila shida. Maji ya chumvi ni njia nzuri ya umeme. Chembe zikitua juu ya ule ukanda wa milimita sita, utando mwembamba unaweza kuanza kuvujisha umeme, na kila unapovuja unaunguza plastiki kidogo na kuacha mstari wa kaboni, nao hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko chumvi iliyouanzisha. Umbali huo hupangwa kwa kuchukulia vumbi la kawaida la ndani ya nyumba, wala si ukungu wa chumvi. Na tundu la USB halina kizibo. Liko wazi kwa upepo, kwa sisimizi na kwa vidole vya mtoto.

Halafu kuna joto. Chaja ya wati 10 yenye ufanisi wa asilimia 80 hugeuza wati 2.5 kuwa joto, na joto hilo liko ndani ya boksi lililozungukwa na plasta. Kapasita za kawaida za bei nafuu huhesabiwa maisha ya saa 2,000 kwenye nyuzi 105, na kila ukipunguza nyuzi 10 maisha hayo huwa maradufu. Zikikaa kwenye nyuzi 65 mfululizo, hiyo ni saa 32,000, yaani miaka mitatu na nusu na ushee. Kichwa cha chaja kikifa unakitupa. Hiki cha ukutani kinabaki kwenye umeme usiku na mchana, simu iwepo isiwepo, na nyuma yake breka ya ampea 20 au 32 haitajali kitu kidogo kinachoungua polepole.

Kwa hiyo swichi ya soketi ina maana hapa, lakini kwenye soketi nyingi swichi huzima matundu ya plagi tu, na USB inaendelea kuwaka. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Toleo la BS 1363 la mwaka 2016 liliongeza masharti kwa soketi zenye chaja ndani. Kwetu kazi ya kusimamia viwango ni ya TBS, shirika la viwango lililoanzishwa mwaka 1975 na sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya 2009. Tangu 2012 mizigo ya bidhaa zilizo kwenye utaratibu wa ukaguzi hukaguliwa huko ilikotoka, kabla ya kupakiwa. Utaratibu huo unaikamata kontena. Katoni iliyokuja kwenye sanduku la msafiri ni habari nyingine. Alama ya CE ya Ulaya nayo, kwa bidhaa nyingi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Anayejenga karibu na bahari, mimi ningemshauri aweke soketi hizi chache, vyumba vya ndani, mbali na dirisha linalotazama upepo, kwenye boksi lenye kina cha milimita 35, na breka ya kuvuja ya miliampea 30 kwenye meni swichi. Mafundi hupewa leseni kwa madaraja na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe fundi akuonyeshe yake. Na akija kupima nyaya kwa mega ya volti 500, mwambie mapema ukutani kuna USB. Asipime laini dhidi ya nyutro. Azifunge pamoja, apime dhidi ya ethi, la sivyo mega itamsomea kosa lisilokuwepo, au itaziua soketi mpya kabla mwenye nyumba hajahamia.