Mota ya kukoboa mpunga: joto kiasi gani ni salama?

Msimu wa mavuno wilayani Kyela, mashine za kukoboa mpunga hufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, na hapo ndipo mota ya umeme huwa katika hatari kubwa ya kuungua.

Wapo wanaoipima kwa kiganja. Kipimo hicho hakitoshi: mkono hauvumilii kushika chuma chenye nyuzijoto 60, ilhali bodi ya mota nzima yaweza kufikia 70 au 80 bila madhara. La kuhofiwa ni joto la ndani, kwenye waya za shaba zilizopakwa vanishi.

Kibao kilichobandikwa ubavuni mwa mota hutaja daraja la kinga hiyo kwa herufi. B huhimili nyuzijoto 130 za Selsiasi, F 155, na H 180. Kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri wa kinga kwa takriban nusu. Hesabu hizo kwa kawaida huchukulia kwamba hewa ya nje haizidi nyuzi 40, kiwango ambacho chini ya paa la bati, katika bonde hili la Ziwa Nyasa, si cha ajabu.

Adui mkubwa, kwa maoni yetu, ni pumba. Vumbi lake huziba feni na kuivika mota mithili ya blanketi. Umeme hafifu nao huilazimisha kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto la waya huzidi mara nne.

Harufu ya vanishi ikisikika, mota izimwe mara moja, wala isimwagiwe maji. Na swichi ya kinga ikijikata kila mara, isifungwe kwa waya ili kazi iendelee, fundi aitwe.