Baiskeli Si ya Mizigo Tu: Njia za Kuitembelea Mara Pamoja na Watoto

Akina mama wengi wa Mara tunaijua baiskeli kwa mizigo yake. Ndiyo inayobeba madumu ya maji kutoka ziwani, debe la mahindi kwenda mashineni, gunia la mkaa na tenga la samaki kwenda sokoni. Mama mwenyewe akipanda, mara nyingi hukaa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, mtoto kampakata, na mwanamume ndiye anayekanyaga pedali. Ni wachache waliowahi kuipanda ili waende mahali, waone, wapumzike, kisha warudi nyumbani wakiwa wamefurahi.

Je, ni lazima iwe hivyo? Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuiona nchi yetu, nasi tuliozaliwa humu hatuijui zaidi ya njia ya shambani na ya kisimani. Watoto wetu wanasoma habari za Mto Mara darasani, lakini hawajauona unavyoingia ziwani. Tukifikiria matembezi tunapiga hesabu ya nauli ya watu watano au sita, tunakata tamaa. Baiskeli haili mafuta wala haidai nauli. Nyumba nyingi zinayo tayari, na ya pili inaweza kuazimwa kwa ndugu au kukodiwa kwa fundi.

MAMA KUENDESHA BAISKELI, NI AIBU?

Wapo watakaosema kwamba mwanamke mwenye nyumba yake hafai kuonekana juu ya baiskeli. Maneno hayo si mageni, na hata Ulaya na Marekani yaliwahi kusemwa. Juni 1894 mama mmoja wa Boston, Marekani, Annie Cohen Kopchovsky, aliyekuwa na mume na watoto watatu wadogo, aliondoka kwenda kuizunguka dunia kwa baiskeli. Alianza safari na gauni refu na baiskeli nzito. Alipofika Chicago alikuwa amechoka, akabadili vyote viwili. Sehemu kubwa ya njia alipanda meli, na Septemba 1895 akarudi. Pengine wewe na mimi tusingeweza kuwaacha watoto muda wote huo. Lakini tujifunze jambo moja kwake: kinachomshinda mwanamke njiani mara nyingi ni nguo na chombo alichopewa, wala si mwili wake.

Kwa hiyo vaa gauni au sketi pana, na ndani yake suruali au kaptura ndefu. Khanga inayoning'inia ni hatari, maana hunaswa na cheni au spoki ukaanguka ghafla. Ifunge vizuri kiunoni au iache nyumbani. Ukipata baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, ni rahisi kupanda na kushuka. Mwambie fundi ashushe tandiko mpaka miguu yote miwili iguse chini ukiwa umekaa. Kama hujui kuendesha, jifunze jioni katika uwanja wa shule, pasipo magari.

NJIA YA KWANZA: MUSOMA HADI BUTIAMA

Mwaka 1934 mtoto wa miaka kumi na miwili hivi alitoka Butiama kwa miguu kwenda kuanza shule ya bweni Mwisenge, Musoma. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Mtoto huyo alikuwa Julius Kambarage Nyerere, na mama yake aliyebaki nyumbani aliitwa Mgaya. Kila mama aliyewahi kumfungashia mtoto sanduku la shule anaweza kuupima umbali huo kwa moyo wake.

Njia hii inatoka usawa wa ziwa na kupanda taratibu kwenye vilima vya Wazanaki, vyenye mawe makubwa, mashamba ya mihogo na mtama, na ng'ombe malishoni. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kuteremka. Breki zikaguliwe kabla ya yote. Katika Mwitongo, Butiama, mtaona kaburi la Mwalimu, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na makumbusho yenye jina lake. Waelezeni watoto kwamba Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtoto anayelalamika kwamba amechoka atanyamaza kidogo.

Msijaribu kwenda na kurudi siku moja mkiwa na watoto. Laleni Butiama, au pandisheni baiskeli kwenye basi wakati wa kwenda, kisha mteremke nazo kesho yake.

NJIA YA PILI: MUGANGO NA MAJITA

Hii ni njia ya kandokando ya ziwa. Kutoka Musoma unaelekea Mugango, kisha Majita, ukipita bonde la Mto Suguti. Kila baada ya mwendo mfupi maji yanaonekana tena, mitumbwi imevutwa mchangani na dagaa wameanikwa juani. Magari ni machache kuliko katika barabara kuu, kwa hiyo inawafaa wanaoanza. Fikeni Mugango, mle ugali wa muhogo kwa sato, mpumzike kivulini, halafu mrudi. Waliozoea wanaweza kuendelea Majita na kulala kwa ndugu.

NJIA YA TATU: BUNDA HADI KISORYA

Kutoka Bunda barabara ya Kisorya inafuata upande wa Ghuba ya Speke, na mwisho wake ni kivuko cha kwenda Ukerewe. Nchi ni ya tambarare kuliko Butiama, ila jua ni kali na vivuli ni vichache. Kabla ya kuondoka, pandeni kilima cha Balili pale Bunda kwa miguu. Kutoka huko juu mtaona ziwa upande mmoja na nyika za Serengeti upande mwingine.

Msikaribie mipaka ya hifadhi kwa baiskeli. Tembo hutoka na kuingia mashambani, hasa jioni na alfajiri. Waulizeni wenyeji asubuhi hiyo hiyo kama wameonekana.

MTO MARA PALE KIRUMI

Mto Mara unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unatawanyika katika mabwawa makubwa ya mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ni safari ya karibu kilomita 400. Mafunjo hayo huzuia matope na kuyachuja maji, na samaki huzaliana humo. Tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania ili mto huu utunzwe.

Mahali pazuri pa kuuona ni Daraja la Kirumi, katika barabara ya Tarime. Lakini hapo nendeni kwa basi. Hiyo ni barabara kuu ya kutoka Mwanza hadi mpaka wa Sirari, na mabasi yake yana mwendo mkali. Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana karibu na Musoma, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Familia yenye watoto haina sababu ya kuendesha baiskeli katika barabara hiyo kama ipo njia ya vijijini. Mkilazimika kupita kipande chake, pitieni kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, na mshuke mnaposikia honi nyuma yenu.

KISIWA CHA RUKUBA: MAHALI BAISKELI INAPOISHIA

Ukisimama ufukweni Musoma unaweza kuchoka kwa kutazama maji, ukatamani kwenda mbele zaidi. Rukuba ni kisiwa cha mawe na miti, na wakazi wake wanaishi kwa uvuvi. Hakifikiwi kwa barabara. Baiskeli inabaki bara kwa ndugu au fundi mnayemwamini, na huko kisiwani mnatembea kwa miguu. Baada ya siku mbili za kukanyaga pedali, kukaa kimya juu ya jiwe kubwa na kutazama ndege wanavyovua ni mapumziko makubwa.

Lakini hapa ndipo mama anatakiwa kuwa macho kuliko mahali pengine pote. Ziwa letu limetuliza akina mama wengi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa hiyo ondokeni asubuhi mapema, maana mchana upepo wa ziwa huongezeka na mawimbi nayo. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, na la mtoto liwe la kipimo chake. Hesabu watu na mizigo. Ukiona mashua imejaa, shuka na watoto wako. Watakucheka, nauli itapotea, na pengine baba watoto atakasirika. Shuka. Rukuba itakuwepo kesho.

WATOTO NA AFYA ZAO

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asichukuliwe katika safari hizi, wala usiendeshe ukiwa umembeba mgongoni, kwa sababu ukianguka yeye ndiye atakayeumia zaidi. Mkubwa kidogo akae kwenye kiti au kikapu kilichofungwa imara kwenye keria, na miguu yake iwe na mahali pa kukanyaga. Watoto wengi wamekatwa visigino na spoki za gurudumu la nyuma. Fundi anaweza kuziba sehemu hiyo kwa wavu au kipande cha bati kilichokunjwa kingo.

Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, aulize kliniki kwanza.

Msioge wala kuchezea maji ya pembezoni mwa ziwa. Kichocho hukaa humo na hupenya katika ngozi; mtu aliyegusa maji hayo akapimwe, kwani dawa ipo. Mamba na viboko nao wapo, hasa penye mafunjo. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa nyumbani, yasipungue lita mbili kwa kila mtu mzima.

VITU VYA KUCHUKUA

Pampu, viraka, gundi na spana. Tyubu moja ya akiba. Kofia na mikono mirefu kwa ajili ya jua. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, chumvi kidogo na sukari. Khanga mbili: moja ya kutandika, nyingine ya kujifunika. Kitambaa safi na dawa ya vidonda.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye magurudumu mpaka baiskeli ikabebwa begani. Anzeni safari mara kunapopambazuka, mpumzike kuanzia saa 5, na muendelee baada ya saa 9 alasiri.

NANI APANGE MWENDO?

Katika safari nyingi za familia baba hutangulia na mtoto mwenye nguvu, na mama hubaki nyuma na wadogo, akihema na kuona haya. Mkifika hakuna aliyefurahi. Kabla hamjaondoka, mketi na mume wako mkubaliane jambo moja: aliye dhaifu kuliko wote ndiye atakayetangulia, na wengine wafuate mwendo wake. Mama ndiye anayejua nani amelala vibaya, nani tumbo linamuuma, nani amenyamaza kwa sababu amechoka. Akisema "tupumzike", basi wote wapumzike. Na akisema "turudi", wote warudi.

Mkubaliane pia kuhusu kazi za nyumbani. Kama mama ataamka saa 9 usiku kupika, kufua na kufungasha peke yake, hayo si mapumziko. Watoto wakubwa wachote maji jana yake, baba azibe pancha na kukaza breki, na jirani aombwe kuwaangalia kuku na mbuzi.

Anza na njia fupi, kilomita tano hadi kumi, Jumamosi moja tu. Wiki ijayo ongeza kidogo. Faida yake haiishii kwenye matembezi, kwa maana mama aliyezoea kuendesha baiskeli yake mwenyewe hatasubiri mtu wa kumpeleka siku atakapohitajika kliniki au shuleni.